Kidonda Alichotaka Kukiziba Gundi

Benchi la kona, mkabala na duka la kinyozi, lilikuwa na wenyewe, na asubuhi ile mmoja wao, Gundi, fundi viatu, alikaa kama aliyekalia misumari. Kahawa ilipoa mkononi mwake. Mwanawe wa kwanza, mwenye mwezi na kitu, alikuwa ameota kidonda begani, palepale alipochomwa chanjo ya kifua kikuu alipozaliwa, na sasa kilitoa usaha. Mkewe alikuwa amempeleka kliniki kuuliza. Gundi hakungoja majibu: mfukoni alikuwa na dawa ya kupaka na plasta. Katika kazi yake hajawahi kuona tundu likaachwa wazi.

— Wakirudi tu, napaka, naziba.

— Ziba upesi! alisema Wembe, yule kinyozi. Hiyo ni vita. Wameingiza vidudu vilivyolegezwa, sasa damu inavichezesha kwata.

— Kwata gani? alidakia Redio, dereva mstaafu asiyezimika. Ule ni muhuri! Mwenye nao anatambulika dunia nzima. Mimi mpakani niliombwa pasi, nikaonyesha bega.

— Ukapita?

— Nilirudishwa. Ila kwa heshima.

Gundi hakucheka. Wembe akakunja mkono wa shati: kovu la duara, dogo kama tundu la kifungo. Redio akavua shati zima. Gundi naye akajitazama, kumbe analo! Miaka yote analiona akioga, hajawahi kujiuliza limetoka wapi.

— Na wewe, babu? Wembe alimgeukia mzee muuza kahawa aliyesimama kando.

Mzee akaweka birika chini.

— Mimi sina. Kwetu sindano ilikuwa haijafika. Mdogo wangu alianza na homa, akatapika, shingo ikakakamaa. Kifua kikuu kilimpanda kichwani. Tulimzika ndiyo kwanza anajifunza kuniita jina.

Gundi aligusa kovu lake. Kumbe kidoti hiki kilikuwa kikimlinda tangu hajui hata kukaa!

Mkewe akatokea, mtoto kifuani.

— Wanasemaje, shemeji? aliuliza Wembe.

— Wamesema ndivyo kinavyokwenda. Tusikikamue, tusikipake kitu, tusikizibe. Kitakauka chenyewe, kiache kovu.

Akayaona mabega wazi.

— Kumbe mnalo wote! Siku ile mtoto alilia, nikalia naye, mpaka leo roho inaniuma. Haya, nani kati yenu anakumbuka sindano ilivyouma?

Wembe akamtazama Gundi. Gundi akamtazama Redio. Redio alifungua kinywa, akakifumba.

Gundi akatoa ile dawa na ile plasta mfukoni, akavitupa kwenye sanduku lake la kazi.

— Nionyeshe, mwanangu, alisema mzee.

Mama akafunua bega. Mzee akainama, akakitazama kile kidonda kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga.

— Kizuri, alisema. Kizuri sana hiki.