Ufagio Uliopita Kwenye Seva

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mlezi wa Umoja wetu wa Wachangia Damu, tunakusalimu, mwangaluka. Umefika Songwa salama, nasi tumefurahi. Aliyestahili kusimama hapa ni fundi mwenzetu Melania. Hayumo chini ya turubai hili kwa sababu amesimamishwa kazi, na risala hii ni yake kuliko ilivyo yetu.

Tulikotoka

Zamani programu yetu ya kuwatafuta wachangia damu ilikaa kwenye mashine za watu, mbali huko. Mtandao ukikatika, mgonjwa anasubiri. Melania ndiye aliyesema tuwe na seva yetu wenyewe, kompyuta ya kuihifadhi hapa hapa. Programu akaifunga ndani ya kontena, kifurushi cha kwenye kompyuta, pamoja na kila inachohitaji, kama mtu anayehama na jiko lake, ili iwake kwenye mashine yoyote. Tangu hapo, hospitali ikiomba damu, simu za wachangiaji wa karibu zinalia papo hapo. Wapo akina mama waliokaa mbele yako leo kwa sababu ya simu hizo.

Lililotupata

Mheshimiwa, ukweli huu unauma, lakini tutausema. Tuliposikia unakuja, tulifanya kama kawaida yetu. Uwanja ukafagiliwa, mawe yakapakwa chokaa. Mwenyekiti wetu, Mzee Maige, akataka na seva nayo isafishwe, kontena ya zamani ifutwe, uonyeshwe mpya tu, ambayo Melania alikuwa ametoka kuitengeneza.

Melania alikataa. "Baba, majina ya watu bado yamo ndani ya ile ya zamani. Nikiifuta, yanakwenda nayo. Nipeni muda niyatoe kwanza."

"Siku za mgeni zimebaki chache, wewe unaleta maneno!"

Hakusema Mzee Maige peke yake, tulisema wote. Melania akafuta huku machozi yanamlenga.

Jioni ile Bhoke, mke wa mfugaji wa hapa, alijifungua na damu ikagoma kukatika. Tukafungua programu, tupu! Hakuna hata jina moja. Melania akarukia bodaboda, akaomba kipaza sauti msikitini, akaomba na kanisani, kisha akawa wa kwanza kutolewa damu. Watu walikuja, Mungu awabariki, ila muda ulikuwa umekwisha. Bhoke tumemzika. Mtoto yupo, analelewa na mama yake mdogo.

Makao makuu mjini wakamsimamisha Melania. Ametolewa kafara, jamani, na sisi tuliomsukuma tumekaa kivulini tumevaa sare.

Maombi

Tulikuwa tumeandaa ombi la betri za seva na chumba chenye ubaridi. Tumeliondoa. Mzee Maige mwenyewe ameisikia risala hii akasema isomwe hivi hivi.

Tunaomba Melania arudishwe. Hivi sasa yuko getini, anaandikisha wachangiaji upya, mmoja mmoja, bila mshahara. Ulimpita ukiingia.

Na ukija tena, Mheshimiwa, tunakuomba usitupe taarifa. Utukute na vumbi letu.

Wabeja sana, tunashukuru. Mungu akulinde njiani, naye ampumzishe Bhoke.

Ni sisi, mafundi wa Umoja wa Wachangia Damu, Songwa. Imesomwa kwa niaba yao na Doto.