Siku Tisa za Daftari la Bluu

Ndugu, majirani na marafiki mliofika, mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiguu na Njia kwa sababu hakuwahi kukaa akamaliza chai yake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa nne kati ya sita, akamaliza darasa la saba mwaka 1983, kisha akafundishwa kushona na shangazi yake.

Tangu mwaka 1987 alishona sare za shule katika chumba cha mbele, mguu wa kulia ukikanyaga pedeli, midomo ikiwa imebana pini, na tarehe 6 Juni 1992 alifunga ndoa na seremala aliyekuja kutengeneza meza ya cherehani, kazi ya siku moja, akaitengeneza wiki tatu, wakajaliwa watoto watatu.

Februari 2022 lilitokea doa jeusi chini ya unyayo wa mguu uleule, akasingizia pedeli, akalifunga kitambaa, akaendelea kushona, hadi tarehe 9 Septemba alipoambiwa ni saratani ya ngozi. Alipasuliwa, lakini ilikuwa imeshafika kwenye mapafu, ndipo daktari alipomweleza dawa mpya iliyokuwa bado kwenye utafiti, ambayo haiui uvimbe yenyewe bali huiamsha kinga ya mwili iushambulie, akakubali, akapewa daftari la bluu la kuandika kila siku anavyojisikia, na kwa kuwa hakukaa hata kuandika, binti yake mdogo ndiye aliyeandika.

Mei 2023 uvimbe ulikuwa umepungua nusu, lakini mama akaanza kuharisha mfululizo, akaogopa kuondolewa kwenye utafiti, akamwamuru binti aandike “hali nzuri”, na binti, aliyemwogopa mama kuliko ugonjwa, akaandika hivyo siku tisa. Siku ya kumi mama alishindwa kusimama, tukamkimbiza hospitali, binti akampelekea muuguzi wa utafiti daftari, akasema yote huku akilia, na mama akamgeukia mbele ya wodi nzima, “Wakinitoa, umeniua wewe.” Muuguzi hakumkemea yeyote, alivuta kiti, akawashika wote wawili mikono, akaeleza kwamba kinga iliyoamshwa ilikuwa imeugeukia utumbo, na kwamba siku mbili zaidi zingetosha kumuua.

Dawa ilisimamishwa, utumbo ukatibiwa, na uvimbe ukatulia miezi kumi na minne, mama akampokea mjukuu kutoka kwa binti yuleyule, akamshonea nguo saba, akinyanyuka kila mara kumchungulia kama anapumua. Kabla ya kutoka wodini aliliomba daftari, akataka zile siku tisa zikatwe kwa mstari na kuandikwa upya zilivyokuwa, ili mgonjwa atakayefuata asiponzwe na fundi mmoja mkaidi.

Uvimbe ulirudi Agosti 2024, safari hii kwenye ubongo, naye alifariki tarehe 2 Novemba, saa nne asubuhi, mguu wa kulia ukichezacheza chini ya shuka mpaka dakika za mwisho.

Tunamshukuru daktari, muuguzi wa kile kiti, mafundi wenzake waliomalizia sare hata watoto wakafungua shule wamevaa, na jirani aliyefua shuka zetu siku zote tisa asiulize neno.

Mama, daftari limerudi kwa daktari, na kila siku iliyomo ni ya kweli, hakuna mteja anayekusubiri mlangoni, kaa sasa, mama, pumzika kwa amani.