Aliyesukuma Haachwi

Wasikilizaji wapendwa wa Beni na Butembo, nanyi mnaotusikia kutoka mashambani Kalunguta, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Issaka Vagheni, msafirishaji wa Beni, mume wa mama Yasmine. Issaka aliuawa Eringeti mwaka 2002, wakati wa vita. Tunarudia: Issaka Vagheni, wa Beni, aliuawa Eringeti.

Ukimtaja Issaka, umetaja pikipiki yake. Chuma kikuukuu! Batri imekufa, kiki imevunjika, na vita vimefunga njia ya vipuri. Ili iwake, ilibidi isukumwe. Issaka alikaa mbele, akabana klachi, akatia gia ya pili. Abiria akasukuma kwa nyuma mpaka ishike mwendo. Issaka akaachia klachi, injini ikakohoa, ikawaka. Kisha alisimama, injini ikinguruma, akamngoja aliyesukuma apande.

Matajiri wa Butembo walisukuma, na suti zao. Wachungaji walisukuma. Watu walimtania: "Issaka, kwako mutu analipa na anasukuma tena?" Naye akajibu: "Sukuma tu, papa. Mwenye kusukuma, mimi hapana kumuachaka."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake, na alilishika.

Siku aliyouawa ilikuwa siku ya soko Eringeti. Issaka alikuwa amepeleka chumvi na sabuni. Kwa kawaida aliegesha kwenye mteremko, pua ya pikipiki ikitazama chini, ili kuondoka kuwe rahisi. Siku ile mteremko ulijaa wauza ndizi, akaegesha kwenye tambarare. Siku ya amani, kosa hilo lingeisha kwa kicheko.

Wenye silaha waliingia mchana. Walianza kwa risasi, wakaendelea kwa mapanga. Mama aliyekuwa akipima chumvi alikatwa shingo, akaangukia chumvi yake. Vibanda vilichomwa na watu wakiwa ndani. Kyakimwa, mkulima wa palepale, alipasuliwa paja hadi mfupa. Mumewe Ananie, shemasi wa kanisa, alimbeba mbio mpaka kwa Issaka. Issaka akamfunga Kyakimwa mgongoni mwake kwa kitenge, kama mtoto.

"Ananie, sukuma!"

Mara ya kwanza ikagoma. Akasukuma tena, ikakohoa, ikazimika. Risasi zilirusha vumbi miguuni pake. Alisukuma tena huku analia, na safari hii ikawaka. Lakini wauaji walikuwa wamefika. Ananie alijitupa ndani ya shamba la kahawa kando ya njia. Issaka akaenda na Kyakimwa mgongoni.

Baada ya kona aliwakuta vijana wa kanisa wakikimbia. Akamfungua Kyakimwa, wakampokea kwa machela ya miti na kile kitenge, wamfikishe Oicha, hospitalini. Mmoja wao, Zorobabel, alimshika mkono: "Vieux, mzee wangu, usirudi! Banaua batu kule!"

Issaka hakuzima injini. Alisema: "Hii motor inawaka juu ya nguvu ya Ananie. Nitamuacha namna gani?" Akageuza.

Ananie yuko hai hadi leo. Tulimtembelea nyumbani kwake. Alituambia: "Nilisikia motor inarudi. Nikasema mu roho: hapana, Issaka, usikuje. Bale batu balikuwa karibu yangu kabisa. Ningekohola tu, bangenikata. Akaita jina yangu. Akaita tena. Mimi sikujibu."

Walimpiga Issaka risasi ya kifua, wakamkatakata akiwa bado ameshika usukani. Inauma, wasikilizaji wapendwa. Miaka imepita na bado inatia hasira.

Wauaji waliitaka pikipiki. Ilikuwa imezimika ilipoanguka. Waliipiga mateke, wakaitukana, wakagombana. Kila mmoja alitaka kuipanda, hakuna aliyekubali kumsukuma mwenzake. Mwishowe waliitupa mtaroni, wakaenda zao.

Waislamu wenzake wa Oicha walikuja wakamzika Issaka. Ananie aliitoa pikipiki mtaroni, akaanza kuisukuma. Kutoka Eringeti hadi Oicha, kutoka Oicha hadi Beni, kwa mikono yake. Hakujaribu kuiwasha. Aliisukuma mpaka mlangoni kwa mama Yasmine.

Mama Yasmine anasimulia hivi: "Mimi nilizoea kusikia motor mbele ya kuona mutu. Ile siku nilisikia magurudumu tu. Natoka inje, naona Ananie, viatu hapana, damu mingi ku shati. Akapiga magoti: 'Mama, unisamehe, aliniita, sikujibu.' Lakini nimusamehe nini? Nilimuambia: 'Simama, ndugu yangu. Ungejibu, mungekufa bawili, na yeye alirudi juu ya kukuokoa.' Nikamupatia maji ya kunawa."

Kyakimwa alipona. Anachechemea, lakini analima. Kila mavuno, yeye na Ananie hupeleka gunia la kwanza kwa mama Yasmine. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawa wamekuwa zaidi ya marafiki.

Mama Yasmine, na watoto wote wa marehemu, pokeeni pole zetu. Pole pia kwa kila nyumba ya Eringeti iliyopoteza mtu siku ile. Mungu amweke Issaka mahali pema.

Nawe msikilizaji mpendwa, leo injini yako inanguruma. Nyumba unayo, kazi unayo, watoto wanasoma. Lakini kuna mtu alikusukuma ulipokuwa umezimika. Kabla hujatia gia nyingine, geuka utazame: yeye amepanda, au umemwacha barabarani?