Alikuwa Anaulizia Basi

— Kwani redio yenyewe ni ya nani?

Mwanamke mmoja aliuliza hivyo mchana ule, Mtaa wa Msimbazi, umati ukimpiga kaka yangu Nassibu mpaka akakata roho. Redio ilikuwa ya Nassibu. Miezi saba baadaye, mwaka sabini na nane, niliteremka kutoka Chuo Kikuu, Mlimani, na kamera ya kuazima, nikakaa kwenye benchi lake, kwenye kijiwe cha kahawa cha Mzee Ubeid. Tangawizi ileile, kashata zilezile. Hata ile ncha ya ubao iliyolika, aliyozoea kuikalia yeye, ilikuwepo. Nilitaka filamu yangu ionyeshe ngumi zetu zinatoka wapi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Hiyo kamera inasikia?

— Haisikii, Mzee Rajabu. Inaona tu. Niambieni, ngumi hizi za mitaani zinatoka wapi?

Basi Rajabu fundi viatu, tuliyemwita Azimio kwa kupenda kuhutubia, akajiachia.

— Mkoloni! Alituachia hasira, akaondoka na ufunguo.

— Porojo, Azimio! — Huyo ni Melkiori, mpagazi wa sokoni. — Ni karate za sinema. Kijana akitoka pale, hata mlango wa kwao anaufungua kwa teke.

— Na sukari kuadimika, je? — Azimio akadakia. — Mtu hajanywa chai, huruma ataitoa wapi?

— Chai! Mbuzi wa Ilala hawajawahi kuinywa; wangekuwa wameshauana wote.

Tukacheka. Nassibu angetuzidi, yeye alikuwa akicheka mpaka kahawa inammwagikia kanzu. Nilipokumbuka ile kanzu, nikaacha kucheka.

— Wazee wangu, mkoloni hakuwepo Msimbazi siku ile. Mbuzi hawakuwepo. Nani alipiga kelele ya kwanza?

Azimio akatafuta kiatu cha kushona. Melkiori akanyoosha kikombe chake. Ubeid akainamisha dele la kahawa. Halikutoa hata tone.

— Alikuwa anakimbilia basi, — Ubeid akasema, haniangalii. — Redio kwapani, anamwuliza kondakta: “Kamata? Kamata?” Kumbe anaulizia kituo cha Kamata. Mimi niliona mgongo tu, na redio. Nikasikia “kamata.” Nikaitikia, “Mwizi!”

Miaka minne Ubeid alikuwa akimmiminia Nassibu kahawa kila asubuhi.

Nikainua kamera.

— Haisikii hii, Mzee Ubeid. Naomba useme tena, polepole, midomo ionekane.