Bibi Masjala na Fomu Yetu ya Majonzi

Baada ya miaka thelathini na tatu ya utumishi, Bibi Masjala anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Alikabidhiwa chumba cha kumbukumbu kisicho na dirisha, na anakiacha vilevile, maana ombi la dirisha bado linashughulikiwa.

Wakurugenzi tisa wamepita mikononi mwake. Wote waliingia masjala kwa sauti ya juu, wakatoka kwa adabu. Mfumo wa kompyuta ulipoletwa kumaliza karatasi, ni yeye aliyeongezewa kabati la nne la kutunzia karatasi za mfumo huo. Sheria yake ilikuwa moja: barua yoyote igongwe kwanza muhuri wa IMEPOKELEWA, isomwe, ndipo iende kwenye utekelezaji. Aliyejaribu kuruka hatua alirudishwa mlangoni, hata akiwa mkurugenzi.

Miaka mitatu iliyopita mumewe, fundi saa, alifariki. Bibi alirudi kazini siku ya nane. Mwezi huo, kwa mara ya kwanza katika historia ya ofisi hii, faili likapotea. Kisha la pili. Minong'ono ya kumstaafisha mapema ikaanza, hasa kutoka kwa watu ambao hawajawahi kujua faili lolote liko wapi.

Kamati ya Ustawi, kwa hekima yake isiyo na mfano, ikatoa fomu yenye visanduku viwili: mshauri nasaha, au kocha wa maisha. Weka tiki kwenye kimoja tu, kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kwa kuwa majonzi nayo yana tarehe ya mwisho. Fomu ilieleza kwamba mshauri husikiliza maumivu, na kocha hukusaidia kuweka malengo na kusonga mbele. Bibi hakuweka tiki popote. Basi katibu wa kamati akamwekea: kocha, kwa sababu kusonga mbele kulisikika vizuri, na kocha alikuwa na nafasi Jumanne. Katibu huyo mwenye huruma ndiye anayeandika wasifu huu.

Kocha alikuwa kijana mwema, mwenye kalamu za rangi nne. Akamtaka ataje lengo linalopimika. Bibi akasema kila asubuhi bado anamimina vikombe viwili vya chai. Kocha akafurahi, maana vikombe vinahesabika, akachora mstari wa kushuka. Wiki ya nne Bibi akafikisha kikombe kimoja, na kamati ikapiga makofi. Wiki ya tano akaacha chai kabisa, tukaandika kwamba amevuka lengo. Wiki hiyohiyo faili la tatu likapotea. Nilimkuta amekaa sakafuni kati ya makabati, amelipakata.

Nikamuuliza, kwa werevu wangu wote, kama angependa kuongezewa vipindi vya kocha. Akanitazama bila hasira.

"Mwanangu," akasema, "mmeipeleka kwenye utekelezaji barua ambayo hata haijagongwa muhuri."

Niliona aibu, na bado ninaiona. Kesho yake nikampeleka kwa mshauri nasaha, mama mmoja mwenye chumba kidogo nyuma ya stoo, viti viwili na feni inayolia. Mama huyo hakuchora kitu. Kwa miezi minane alimsikiliza Bibi akimsimulia fundi saa ambaye maisha yake yote alichelewa kila mahali. Vikombe vikarudi viwili, na hakuna aliyevihesabu. Mafaili yakaacha kupotea. Mwaka uliofuata Bibi mwenyewe akaomba kocha, amsaidie kupanga maisha ya kustaafu, na sasa shule tatu zinamsubiri akazipangie kumbukumbu zao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kocha yule anaijua kazi yake, ila sisi tulimwita kabla ya zamu yake.

Fomu imefutwa. Siku hizi kamati humtembelea mfiwa, hukaa na hunyamaza, jambo ambalo kwa kamati yoyote ni mafanikio makubwa.

Bibi, asante kwa kila faili, na kwa kutuvumilia. Nenda ukapumzike, unywe chai kwa vikombe upendavyo, na siku zako ziwe njema. Ila kuna jambo moja. Barua yako ya kustaafu ilifika masjala wiki mbili zilizopita. Muhuri upo mezani na wino upo. Kila mmoja wetu amepita, akaushika, akaurudisha. Kwa taratibu zako mwenyewe, bado hatujaipokea.