Nusu ya Ema

Kama hujakaa kwenye benchi la Handibreki pale Makambako, karibu na stendi, usijitape kwamba baridi unaijua. Benchi lenyewe ni ubao wa mpaini uliopigiliwa juu ya magogo mawili mbele ya ghala la Mansoor, na juu yake unaning'inia mzani wenye uso kama wa saa, ambao Mansoor alipimia maharage. Handibreki ni Zubeiri, aliyeendesha malori ya Songea mpaka macho yakamgomea, akashika birika la kahawa. Jina alipewa kwa sababu mdomo wake hauna breki hata ya mkono. Mansoor walimwita Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na tangu soko la mahindi lifunguliwe kila mtu anunue atakavyo, hakuna mkulima aliyewahi kuuliza kwa nini. Fahadi alikuwa Disketi, kwa kuwa kompyuta ya kwanza mtaani ilikuwa yake, na disketi haikumtoka mfukoni mwa shati. Wa nne alikuwa Odilo wa Uwemba, fundi wa matairi, aliyeitwa Pancha, na asubuhi hiyo kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

Mkononi alikuwa na kikaratasi cha zahanati. Ile zahanati mpya ya binafsi ilikuwa imeacha kuandika kwa kalamu. Mtoto akipimwa, nesi anaitaja kilo kwa sauti, karani anaiingiza kwenye mashine, na mama anaondoka na kikaratasi kilichochapwa. Cha Ema, binti wa Odilo wa miezi miwili, kilisema: mwezi uliopita 4, mwezi huu 4. Mama yake Odilo, Germana, alikuwa ameshuka kutoka Uwemba na kutoa hukumu: maziwa ya mkwewe Dafroza hayana nguvu, mtoto akalelewe kijijini kwa maziwa ya ng'ombe. Yeye na mtoto wangeondoka na basi la asubuhi hiyo hiyo. Dafroza alikuwa amesema, akarudia, kwamba nesi alitamka nne na nusu. Odilo akamjibu kwamba karatasi ni karatasi. Tangu hapo mke wake hakumsemesha tena, na Odilo hakujua ni lipi linalomuuma zaidi, kilo au ule ukimya.

— Mansoor, mwanao kapima kilo ngapi? aliuliza.

— Lulu? Sita! Na mwezi jana alikuwa nne kama wako. Kilo mbili kwa mwezi mmoja, ndugu yangu. Nyumbani tunamwita Bi Gunia.

— Shida ni mlima, alisema Zubeiri akimimina. Nyumba ya Pancha iko kilimani. Lori likipanda mlima uzito wote unakimbilia nyuma. Mtoto naye ni hivyo hivyo, kilo zinabaki bondeni. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Apimwe akiwa ameinamishwa.

— Mlima wapi! alisema Mansoor. Ni reli. Treni ya TAZARA inapita mgongoni mwa nyumba yake, ardhi inatikisika usiku kucha. Ukitikisa maziwa yanakuwa nini? Siagi! Yule mtoto ananyonya, ila siagi inakataa kutoka.

Zubeiri akamgeukia Fahadi, ambaye alikuwa anakiangalia kikombe chake kama mtu anayetafuta kitu ndani.

— Disketi, mbona umezima injini? Si wewe uliyewatengenezea zahanati ile programu?

— Kompyuta haidanganyi, alisema Fahadi.

— Hata mimi nilikuwa sidanganyi. Mafuta ya lori tu ndiyo yalikuwa yanapungua.

Fahadi aliomba kikaratasi, akakisoma mara mbili.

— Shemeji anasema nesi alitamka ngapi?

— Nne na nusu, alisema Odilo. Na mwezi uliopita, tatu na nusu. Anasema alisikia kwa masikio yake.

— Na wako, Mansoor?

— Mke wangu Rehana naye ana maneno hayo hayo. Eti nne na nusu, halafu tano na nusu. Nikamwambia nesi macho mabovu, mashine imemsahihisha.

Fahadi alishusha kikombe chini, karibu na kiatu.

— Jamani. Ile programu sikuitengeneza upya. Niliinakili kutoka kwenye ile ya magunia ya Mansoor. Palipoandikwa gunia nikaandika mtoto, palipoandikwa mkulima nikaandika mama.

— Sasa kosa liko wapi? aliuliza Mansoor. Gunia langu lina heshima zake.

— Ukitengeneza jedwali, kompyuta inakuuliza kila safu ni ya nini. Ikiwa ni ya namba, ni namba gani: namba nzima, au yenye desimali? Kwako niliweka nzima. Nani anahesabu nusu gunia?

— Nusu gunia mimi siijui, alisema Mansoor kwa fahari.

— Ndiyo hivyo. Basi karani akiandika na nusu, mashine haigomi, haipigi kelele. Inaigeuza nzima, inaihifadhi, inanyamaza.

— Hapo nimekukamata! Zubeiri aliinua birika juu. Shuleni mwalimu alisema nusu inapanda. Nne na nusu ni tano. Ema angekuwa tano!

— Hiyo ni ya mwalimu wako. Hii, nusu ikikaa katikati sawasawa, inaipeleka kwenye shufwa iliyo karibu. Tatu na nusu inapanda, inakuwa nne. Nne na nusu inashuka, inakuwa nne. Tano na nusu inapanda, inakuwa sita.

Benchi zima likahesabu kwa vidole. Odilo ndiye aliyemaliza kwanza.

— Kwa hiyo Ema kaongezeka kilo nzima, alisema polepole. Na Lulu kilo nzima vile vile.

— Bi Gunia wangu usimguse! alisema Mansoor. Na wewe Disketi, Mwenyezi Mungu ni witiri na anapenda witiri. Mashine inayokimbilia shufwa umeitoa wapi?

— Ni kwa ajili ya haki, alisema Fahadi. Nusu zote zikipanda, jumla inavimba. Hizi zikipanda na zile zikishuka, ukipima magunia elfu moja yanajisawazisha yenyewe.

— Magunia elfu, alisema Odilo. Mimi nina Ema mmoja.

Fahadi alimrudishia kikaratasi chake. Alikuwa kijana mzuri, na ilionekana wazi kwamba jambo hilo limemchoma.

— Basi kabadilishe hiyo safu! alisema Mansoor. Weka desimali, chapa upya, basi halijaondoka.

— Kubadilisha ni kazi ndogo. Lakini nusu zilizokwisha kukatwa hazikuwekwa popote. Nitafungua, nitakuta nne nukta sifuri.

— Haiwezekani! alisema Zubeiri. Nusu haiwezi kupotea hivi hivi. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo maana sanduku la ile kompyuta ni zito. Nusu za watoto wote wa Makambako zimo humo! Fungua nyuma, uligeuze, ulikung'ute kama debe.

— Utazijuaje ipi ya Ema? aliuliza Mansoor. Zitatoka zimechanganyika. Hapo unahitaji chekecheke.

Walikuwa bado kwenye chekecheke Germana alipotokea, kikapu mkononi, mwendo wa mtu anayewahi basi. Nyuma yake alikuja Dafroza na Ema mgongoni.

— Kamwene, alisalimia Germana. Odilo, nimekuja kusikia neno lako.

— Kamwene, mama, alijibu Odilo, akasimama. Angemwambiaje mama yake kwamba nusu ya mjukuu wake imemezwa na programu ya mahindi, na ushahidi hakuna?

Dafroza hakumtazama mumewe. Alikuwa anatazama juu ya vichwa vyao.

— Shemeji Mansoor, aliuliza, huo mzani wako unapima maharage tu?

Wanaume wote wanne waligeuka wakaangalia juu, na Zubeiri, ambaye kila siku kichwa chake kiligonga ndoano ya ule mzani akiinuka, alifunga mdomo.

Odilo ndiye aliyeufikia kwanza. Dafroza alifungua kitenge, akamkabidhi mtoto.

— Toa uzito wa mfuko kwanza! alisema Mansoor, mazoea yakimtangulia. Alitundika kitenge kitupu, akazungusha skrubu mpaka mshale ukarudi kwenye sifuri. Kisha wakamlaza Ema ndani, wakamtundika. Ema akarusha miguu, mshale ukayumba huku na huku, na Odilo akatandaza mikono chini yake bila kumgusa.

Mshale ukatulia.

— Soma, alisema Dafroza.

— Nne na nusu, alisema Odilo. Na kidogo.

— Hiyo kidogo nayo isome vizuri.

— Nne na nusu na kidogo, alisema kwa sauti, stendi nzima isikie.

Germana alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Maisha yake yote alikuwa akiuza maharage, na mshale kama ule alikuwa ameshagombana nao mara nyingi.

— Mashine zenu mimi sizijui, alisema. Huu naujua. Akaweka kikapu chini.

— Nusu hiyo nimeinyonyesha mimi, baba Ema, alisema Dafroza. Karatasi haikunyonyesha.

Odilo aliona haya mbele ya mama yake, mbele ya marafiki zake, mbele ya yule mtoto aliyekuwa anabembea.

— Ulisema, nikakusikia, mke wangu, alisema. Sikukuamini. Nisamehe.

— Mshushe kwanza, alisema Dafroza. Atapata baridi. Lakini alikuwa ameshamtazama mumewe.

Fahadi alikwisha kuinuka. Alikuwa anakwenda zahanati kubadilisha safu, alisema, na kuwaomba wawaite akina mama wote warudi kupima.

— Disketi! Mansoor alimwita. Na ile ya magunia?

— Niiwekee desimali?

Mansoor alifikiri.

— Hiyo iache kama ilivyo.

Basi lilipiga honi, likaondoka bila Germana. Zubeiri alimsogezea nafasi kwenye benchi, akainamisha birika hadi tone la mwisho.

— Imebaki nusu kikombe tu, mama.

— Ilete, alisema Germana. Na usiijazie kwa maneno.