Jina la Ndani ya Lango

Leo alfajiri, Alhamisi tarehe 9 Novemba 2006, nilikuwa nachambua mchele, mume wangu Firdavs akatoka chumbani kwa baba yake akasema, "Acha huo mchele, baba ametutoka," na kazi ya kuwasomea wasifu wake ikaniangukia mimi mkwe, kwa kuwa wanawe hawawezi.

Marehemu Nemat Hoshimov alizaliwa tarehe 12 Machi 1929 hapa Samarkand, mtoto wa muuza zabibu, akaanza shule Septemba 1936 katika darasa la Kitajiki alilofundisha kaka yake, Sadri. Bibi yao alilicheka jina hilo la kabila, maana zamani wapanda farasi wa Kituruki walilitupa kama tusi, Mtajiki, mtu wa mjini asiyejua farasi wala upanga, lakini Sadri aliwafundisha watoto kulitamka kwa heshima. Vuli ya 1937 walikuja watu wa serikali kuuliza kabila, jirani akamnong'oneza Sadri, "Sema Muuzbeki, bwana wee, usijitafutie balaa," naye akacheka, "Mimi Mtajiki, mama yangu ananijua," wakamchukua, na hadi leo hatujaonyeshwa kaburi.

Tangu hapo nyumba nzima iliandikwa Wauzbeki. Baba alifanya kazi kiwanda cha hariri tangu 1948 hadi 1989, alimwoa mama yetu Oyniso tarehe 3 Oktoba 1953, wakajaliwa watoto watatu, na wote aliwakaripia, "Kitajiki mwisho langoni!" Ng'ambo ya mpaka jina la Mtajiki lilipopata nchi na bendera yake, yeye alizima redio. Hata hivyo kila jioni alimwekea Sadri bakuli, na kila Alhamisi tulipokaanga mafuta ili wafu wetu wasikie harufu waje, tuliwataja wote isipokuwa Sadri, maana huenda bado yu hai, na kumwita aliye hai ni kumzika.

Moyo ulianza kumsumbua baba Juni mwaka huu. Wiki iliyopita aliniambia, "Mkwe, siku yangu mwiteni Sadri, mwiteni kwa sauti, Sadri Mtajiki, asidhani tumemkana."

Shemeji yangu Akobir amenisihi, "Shemeji, hapo paruke, wakubwa wa serikali wamekaa mbele." Siruki.

Tunawashukuru madaktari, wenzake wa kiwandani, na majirani, hasa Bi Robiya, aliyetupikia na kukaanga mafuta uani kwake, kwa kuwa jiko la msiba haliwashwi siku tatu. Harufu imeshavuka ukuta.

Sadri Hoshimov, Mtajiki, karibu nyumbani.

Chakula kimepakuliwa, bakuli lako lipo mahali pake, na la mdogo wako kando yake. Tumehesabiana, hakuna aliyepungua. Pumzikeni, baba, nyote wawili.